Mtoa Dawa Humeza Kwanza

Tupokigwe alirudia kipimo mara ya nne kwa sababu majibu ya mara tatu za kwanza hakuyapenda. Alichukua tone jingine la maji kutoka kwenye kifuko cheupe, kile kilichokatwa kwenye ulimi wa nguruwe wa Mwaijande, akaliweka kwenye kisahani na kukisukuma ndani ya kisomaji. Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, maana kiti chake kilikuwa mbali, hatua tano nzima. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mvua ya Isubula ilikuwa imeshaanza kazi yake ya kila siku, na nesi wa zahanati alikuwa amechoka tangu jana, tangu juzi, tangu hata hakumbuki lini.

Kisomaji kikalia. Namba ikatokea: 0417.

Akafungua daftari la wapangaji, ingawa hakuwa na haja ya kulifungua. Daftari lile alikuwa ameliandika kwa mkono wake kwa miaka kumi na tisa, na 0417 ilikuwa namba yake mwenyewe.

Mpangaji lilikuwa jina la utani, likashika kuliko jina la kitaalamu, ambalo hata waliolitunga walilisoma kwa kuchungulia karatasi. Alikuwa tegu. Mnyoo bapa, mwenye kichwa kidogo na mwili mrefu wa pingili, wa ukoo ule ule uliowasumbua mababu. Huyu, hata hivyo, alizaliwa maabara na kupewa kazi, pamoja na namba iliyoandikwa kwenye chembe zake. Alikaa utumboni kwa mtu mwenye kisukari, akaonja sukari, na kila ilipopanda akatoa insulini kwa kiasi ambacho kongosho zima lingetoa. Mgonjwa alimeza kifuko kimoja, siku moja, ikawa basi. Mabomba ya sindano yakatupwa. Viwanda vya insulini vikafungwa kimoja baada ya kingine, wala hakuna aliyevililia.

Maabara iliapa kwa mambo mawili. La kwanza, mpangaji hakubali mwenziwe: akishakaa, tegu mwingine hapati pa kushika. La pili, hazai. Pingili zake hazikomai, hazikatiki, hazitoki na choo.

La kwanza lilikuwa kweli mpaka leo. La pili lilikuwa kweli kwa wapangaji mia mbili na kumi na wawili wa kata ya Isubula. Tupokigwe aliwapima wote kwa wiki mbili, kimya kimya, kwa kisingizio cha uchunguzi wa mwaka. Wote tasa kama walivyotoka maabara. Mmoja tu ndiye aliyesahau masharti. Pingili zake zilikomaa na mayai yake yakashuka kwenye choo cha zahanati, ambacho ukuta wake wa nyuma ulianguka masika yaliyopita. Tupokigwe alikuwa ameandika barua tatu kuhusu ukuta ule. Nguruwe hawakusubiri majibu ya barua.

Nguruwe wakala mayai, nyama yao ikajaa vifuko, watu wakala nyama, wakapata tegu wa ukoo wa 0417. Hiyo ilikuwa nusu shari. Shari kamili ilikuwa ya wale waliomeza mayai yenyewe, kwa maji machafu au kwa mkono wa mtu, yakapasuka tumboni na kusafiri kwa damu hadi ubongoni. Tangu Krismasi watu arobaini na mmoja wa Isubula walikuwa wameanguka kifafa. Miongoni mwao alikuwamo Lwitiko, fundi wa mashine za kuchuma chai, aliyeangukia injini ya moto na kuunguza mkono wa kulia. Damu yake ilikuwa imesomwa wiki iliyopita. Nayo ilisema 0417.

Tupokigwe akafunga daftari. Alitaka kulia, ila hata hilo aliliona ni kazi.

*

"Dawa imefika, Sista?" Dokta Kihwele aliuliza kwenye kioo cha simu. Alikuwa mratibu wa wilaya, kijana wa miaka thelathini na kidogo, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayelala kwa zamu.

"Droni imeshusha jana. Vidonge maboksi kumi na mawili. Fimbo ya kipimo nimeifuta vumbi."

"Safi. Kesho saa tatu, uwanja wa ghala la chai. Kila mwenye zaidi ya miaka mitano anameza, isipokuwa walioanguka kifafa. Hao wasiguswe. Kidonge kikiua vifuko ubongoni, ubongo unavimba, tutawaua sisi. Hao nitawaletea daktari wa vichwa."

"Na wenye wapangaji?"

"Nimesema kila mtu."

"Kidonge hakichagui, dokta. Kinampooza tegu yeyote, wa porini na wa maabara. Watu mia mbili na kumi na tatu watabaki bila insulini kesho jioni. Kwenye friji nina chupa nne."

"Insulini inakuja Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Dokta Kihwele akasugua uso. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Tupokigwe. Angekuwa mtu mbaya kazi ingekuwa nyepesi.

"Sista, nikuambie jambo. Kule bondeni mwaka juzi tulifanya kama vitabu vinavyotaka. Tukamtafuta mwenye tegu aliyeharibika, tukampata, tukamwandika. Mzee wa watu, fundi cherehani. Tukasema atibiwe peke yake, wengine wasisumbuliwe. Jina likavuja. Wiki ya pili nyumba yake ilikuwa majivu, na yeye alikuwa ndani. Mimi ndiye niliyesaini ile karatasi." Akasugua uso tena. "Sasa hivi wilaya haitaki majina. Wote wanameza, hakuna wa kunyooshewa kidole. Nitawapoteza wachache kwa sukari, najua. Nimeshapiga hesabu hiyo, na sijalala vizuri tangu niipige."

Maneno yalimjaa Tupokigwe kooni. Dokta, nimempata. Ni mmoja tu, na wale mia mbili na kumi na wawili hawana haja ya kumeza chochote. Yalikuwa maneno machache, mepesi kutamka. Akamwona yule fundi cherehani asiyemjua, akaona mlango wake mwenyewe, mapazia yake ya kijani.

"Halafu wewe," Dokta Kihwele aliendelea kwa sauti ya chini. "Najua nawe unaye mpangaji, na najua huko kwenu mtoa dawa humeza kwanza."

"Ndivyo ilivyo."

"Weka chini ya ulimi. Uteme baadaye. Ukilala wewe, nani atawachoma sindano zikifika? Sikuambii kama bosi. Nakuomba."

Tupokigwe akasogeza kidole kwenye kitufe cha kukata simu. "Mtandao unakatika, dokta," alisema.

Mtandao haukuwa umekatika. Wote wawili walijua, wakaagana hivyo hivyo.

*

Isubula ilikuwa na utaratibu wake tangu zamani, tangu enzi za dawa za matende na kichocho. Mtoa dawa anapimwa kwa fimbo kama mtu yeyote, anapewa vidonge vya urefu wake, anameza mbele ya umati. Kisha mama mmoja mtu mzima anayeheshimika anakuja na kijiko, anamwambia afungue mdomo na kupekua shavu hili na hili. Walikuwa wameongeza kijiko baada ya mtoa dawa mmoja kukamatwa akitema nyuma ya ghala. Hawakumpiga. Walikataa tu dawa miaka sita mfululizo.

Mwenye kijiko siku hizi alikuwa Atuganile, mama yake Lwitiko. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mgongo umenyooka, khanga mbili. Alimpita Tupokigwe kwa miaka kumi, na walikuwa wamezikiana wazazi na waume. Namba yake kwenye daftari ilikuwa 0398.

Uwanja ulijaa kufikia saa tatu. Mvua ilikuwa imewahurumia, ukungu tu ndio uliokaa juu ya chai. Mtendaji wa kata, Bwana Mwalukasa, alisema maneno mafupi, na kwa kuwa si kawaida yake watu wakajua mambo ni mazito. Waliokuwa na wapangaji walichanganyika na wengine: hakuna aliyesema, ila Tupokigwe alizijua nyuso zao zote, na zote zilimtazama yeye. Wangemeza kama angemeza. Hawakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na hilo lilimkalia mabegani kuliko maboksi kumi na mawili.

Akasimama kwenye fimbo. "Vitatu," mtendaji akasoma.

Tupokigwe akatia vidonge vitatu mdomoni, akavisukuma chini ya ulimi, akanywa maji na kulisogeza koo lake ili lionekane. Uchungu ukaanza palepale. Dawa ile ni chungu kuliko maelezo, uchungu unaopanda hadi masikioni, ndiyo maana watu huambiwa waimeze haraka.

Atuganile akaja na kijiko. Shavu la kushoto, shavu la kulia. Kisha akainua ulimi, na kijiko kikagusa kidonge. Tupokigwe alikisikia kikigonga.

Macho yao yakakutana. Atuganile hakushtuka wala hakuharakisha. Akatoa kijiko, akakifuta kwenye khanga.

"Amemeza," akatangaza.

Umati ukashusha pumzi. Atuganile akainama kana kwamba anamrekebishia kola, akanong'ona: "Najua unaye kama mimi. Kata hii haina nesi mwingine, gwe Tupo. Kaa nasi."

Kisha yeye mwenyewe akasimama kwenye fimbo, wa kwanza kwenye foleni. Mtendaji akasoma vitatu, akamhesabia mkononi. Tupokigwe akatikisa kichwa, polepole, kwa sababu mdomo wake haukuwa na nafasi ya maneno. Atuganile aliona, akatabasamu kwa uchovu.

"Mimi lazima nimeze, mdogo wangu," alisema, taratibu, kwa sauti ya wao wawili tu. "Mpangaji aliyemwangusha mwanangu ni wangu. Nimeshalifikiria kila upande. Nani mwingine anampikia? Tangu anajifunza kula anakula mkononi mwangu. Nimemtia mimi kile kitu kichwani, kwa mkono huu." Akautazama mkono wenye vidonge. "Sitaki kungoja Ijumaa wala Jumamosi. Nataka kitoke leo."

Akainua kikombe cha maji.

Tupokigwe amekuwa nesi miaka ishirini na nane. Amewaambia watu habari mbaya kwenye mvua, kwenye misiba, kupitia dirisha la choo. Hakuwahi kujua kwamba kunyamaza kunaweza kumchosha mtu kuliko habari yoyote. Alimshika Atuganile kifundo cha mkono, maji yakamwagika kwenye khanga. Akavivuta vile vidonge vitatu kutoka chini ya ulimi, akavitia kati ya magego na kuvitafuna, kwa kuwa vilikuwa vimeshaanza kulainika na hakuwa na subira ya kutafuta maji. Machozi yakamtoka kwa uchungu. Watu wakaona nesi aliyetangazwa kuwa amemeza akitafuna, na mnong'ono ukapita uwanjani.

Akameza. Kooni vilishuka kama mchanga.

"Ni wangu, dada," alisema. Sauti ilitoka mbovu, akairudia kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. "Tegu aliyeharibika ni wangu. Si wa mama huyu. Si wa mtu mwingine yeyote hapa."

"Sista," mtendaji akadakia, akisogea, "wilaya imesema hakuna majina."

"Hili ni langu, nalitaja mwenyewe."

Akawaambia yote, bila mpangilio mzuri, maana hakuwa amejiandaa. Alisema juu ya choo na nguruwe, akasema juu ya vipimo alivyovichukua kwa kuwadanganya kuwa ni uchunguzi wa mwaka. Akasema majibu amekuwa nayo wiki nzima, na amekaa nayo kwa woga. Akawaambia wenye wapangaji waende nyumbani na wasimeze kitu, wapangaji wao ni wazima, na tegu wa nje hawezi kuingia penye mpangaji. Wasio na wapangaji wameze, hasa waliokula nyama ya nguruwe tangu masika. Walioanguka kifafa wakae pembeni, daktari wao anakuja. Chupa nne za friji zingemtosha yeye peke yake miezi miwili au zaidi, na alilisema hilo pia, kwa sababu alijua wangelifikiria baadaye.

"Watu arobaini na mmoja," alimalizia. "Nawajua kwa majina. Ni mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Alikuwa ametarajia kelele, hata mawe. Mama mmoja alimvuta binti yake nyuma kidogo, hatua mbili tu, kama mtu anayekwepa dimbwi. Mzee mmoja aliyekuwa na namba kwenye daftari akavaa kofia yake akaondoka, kisha mwingine, kisha wengi pamoja. Walikuwa wamenusurika, na hakuna aliyemshukuru. Tupokigwe aliona ni sawa.

Atuganile alikuwa bado ameshika vidonge. Akavirudisha kwenye sahani, kimoja, kimoja, kimoja.

"Nimewaambia watu umemeza," alisema. "Nimekudanganyia kata nzima."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulikuwa na hili moyoni wakati nanong'ona."

"Nilikuwa nalo."

Atuganile akachukua kijiko chake na kwenda kukaa walipokaa wanawake wenzake, na hakugeuka.

Mtendaji akakohoa, akauliza kama waendelee. Tupokigwe akasema waendelee. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mwaijande mwenyewe, mwenye nguruwe. Fimbo ikasema vidonge vitatu. Tupokigwe akavihesabu, akanyoosha mkono. Mwaijande hakuunyoosha wake.

"Weka mezani, Nesi," alisema kwa adabu.

Akaviweka mezani. Mwaijande akaviokota, akameza, akafungua mdomo kwa mtendaji. Wa pili naye akasubiri viwekwe mezani. Wa tatu alitazama tu meza. Kufikia wa kumi Tupokigwe alikuwa ameshazoea: anahesabu, anaweka, anarudisha mikono yake pajani, anaandika jina. Kichwa kilianza kumuuma. Alijua ndani kule yule mwenzake wa miaka kumi na tisa alikuwa anapooza, akiachia, na hakumwonea huruma wala hasira. Alitamani tu foleni iishe.

Ilikwisha saa nane. Vidonge mia nane na kitu vilikuwa vimekwenda. Dokta Kihwele alikuwa amepiga simu mara tano, mtendaji ameipokea mara moja na kuongea naye mbali, nyuma ya ghala. Tupokigwe alikuwa anakusanya makaratasi alipoona kivuli mezani. Alikuwa Lwitiko, mkono wa kulia kwenye bendeji, wa kushoto mfukoni. Walioanguka kifafa walikuwa wameshaondoka wote.

"Wewe humezi," Tupokigwe alimwambia. "Daktari anakuja."

"Nimesikia, mama mdogo."

Hakuondoka. Aliitazama ile meza iliyowekwa vidonge siku nzima, kisha kwa kusitasita akavuta kiti cha mtendaji, akakaa ng'ambo yake.

"Siku zile nilipokuwa naezeka paa lako," alisema. "Ule mwezi wa kumi na moja. Maharage ya mchana ulikuwa unapika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Bomba lilikuwa halitoi maji."

"Wiki tatu halikutoa. Nilikuwa nayapima maji ya kunawa mikono kwa kikombe."

Lwitiko akaitikia kwa kichwa, kama fundi aliyegundua mashine iliharibika wapi. Sauti yake haikuwa na lawama, na Tupokigwe angetoa chochote ili iwe nayo.

"Nilikuwa naomba kuongezewa," alisema.

"Ulikuwa unaomba," Tupokigwe alisema. "Na mimi nilikuwa nafurahi, nakuongezea."